Kusoma toleransi za umbo na kupima kwa geji: mwongozo kamili kwa fundi wa karakana

Shafti ilikuwa ya pampu ya maji ya bahari, urefu wake milimita 420, na mimi ndiye niliyeikereza. Sehemu mbili za kukalia beringi zilitakiwa ziwe 40 k6, yaani kati ya 40.002 na 40.018. Nilizipima kwa maikromita mbele ya mwenye pampu: upande mmoja 40.010, upande wa pili 40.012. Baada ya wiki mbili pampu ikarudishwa karakanani kwetu Shimanzi, beringi zimeungua na sili inavuja. Nikailaza ile shafti juu ya bloku mbili za V, nikaweka saa ya kupimia, ambayo wengi tunaiita dayo, kwenye ncha inayokaliwa na impela, yaani pangaboi ya pampu, nikaizungusha kwa mkono. Sindano ikatembea 0.12. Kwenye mchoro, pembeni mwa ncha hiyohiyo, palikuwa na kisanduku chenye mshale, tarakimu 0.02 na herufi A-B. Nilikuwa nimekiona. Sikukisoma.

Kosa lilikuwa hili: nilikereza upande mmoja, nikaigeuza shafti kwenye chaki ya meno matatu, nikakereza upande wa pili. Chaki haikuirudisha shafti pale ilipokuwa mwanzo. Kila upande ukawa na saizi kamili, lakini kila upande ukawa na kitovu chake. Maikromita haina njia ya kuliona jambo hilo, kwa sababu inapima unene tu na haijui kitovu kiko wapi.

Haya ninayoandika ni kuhusu visanduku hivyo vya toleransi, yaani kosa linaloruhusiwa: jinsi ya kuvisoma, na jinsi ya kupima kile vinachodai kwa vifaa ambavyo karakana ya kawaida hapa Mombasa inaweza kuwa navyo. Chukua mchoro wowote ulio nao uuweke mbele yako ukisoma.

Hatua ya kwanza: anza na kona ya mchoro

Bandari ya Kilindini inapokea meli za kila taifa, kwa hiyo michoro inayofika karakanani nayo hutoka kila upande. Kabla ya kutazama kipande chenyewe, nenda kwenye jedwali lililo kona ya chini kulia, utafute mambo matatu.

La kwanza ni vipimo: milimita au inchi. La pili ni mtindo wa kuchora, wa pembe ya kwanza au wa pembe ya tatu, ambao huonyeshwa kwa picha ndogo ya koni iliyokatwa ncha pamoja na duara mbili. Ukiukosea huo, tundu la kulia utalitoboa kushoto. La tatu ndilo watu wengi hulipita: mchoro umefuata kanuni za nani. Ukikuta ISO 8015 au ISO 1101, umo kwenye mfumo wa kimataifa. Ukikuta ASME Y14.5, umo kwenye mfumo wa Marekani.

Tofauti yake si ya maandishi tu. Kwa ASME, saizi hubeba umbo ndani yake: shafti ikifikia saizi yake kubwa kabisa inayoruhusiwa, lazima iwe imenyooka na kuwa duara kamili. Kwa ISO 8015, saizi na umbo ni vitu viwili vinavyojitegemea. Shafti inaweza kuwa na unene sahihi kila unapoipima na bado ikawa imepinda kama ndizi, na saizi haitalalamika, isipokuwa mchoraji ameweka toleransi ya umbo au herufi E ndani ya duara baada ya saizi. Ukiiona E hiyo, ujue anataka bahasha: kipande chote kiingie ndani ya silinda kamilifu ya saizi ya mwisho.

Jambo jingine la kuangalia ni mwaka. Toleo la Y14.5 la 2018 liliondoa alama mbili, ile ya kitovu kimoja, yaani duara ndani ya duara, na ile ya ulinganifu yenye mistari mitatu. ISO bado inazitumia, na michoro ya zamani ya Marekani bado inazo. Usishangae kuziona sehemu moja na kuzikosa sehemu nyingine.

Hatua ya pili: soma kisanduku kama sentensi

Kisanduku husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Chumba cha kwanza kina alama, inayosema ni tabia gani ya umbo inayodhibitiwa. Cha pili kina kiasi cha kosa kinachoruhusiwa. Vinavyofuata vina herufi za datamu, yaani nyuso au vitovu ambavyo vipimo huanzia, kwa mpangilio wa umuhimu.

Ndani ya chumba cha pili kuna alama moja ndogo inayobadilisha kila kitu, nayo ni Ø. Bila Ø, 0.05 ni nafasi kati ya bapa mbili zilizo mbali kwa 0.05, au kati ya duara mbili ikiwa alama ni ya uduara. Pakiwa na Ø, 0.05 ni silinda nyembamba yenye kipenyo hicho, na kitovu cha tundu au shafti lazima kikae ndani yake chote. Fundi anayesahau Ø hupima upande mmoja tu na kuacha mwingine.

Alama zenyewe ziko kwenye makundi, na ukizijua kwa makundi hazikusumbui. Unyoofu, ubapa, uduara na usilinda huwa hazina datamu, kwa sababu kipande hujipima chenyewe. Usambamba, usimamo wa digrii 90 na mwelekeo wa pembe nyingine lazima ziwe na datamu, maana huwezi kusema kitu kimesimama wima bila kusema kimesimama juu ya nini. Alama ya mahali, ile ya duara lenye msalaba, huonyesha tundu liko wapi. Mshale mmoja ni kuyumba kwa duara moja: unaizungusha shafti na dayo haisogei kutoka pale ulipoiweka. Mishale miwili ni kuyumba kwa jumla: dayo inatembea pia kwa urefu wa shafti huku ikizunguka, na usomaji wote kuanzia mwanzo hadi mwisho usizidi kiasi kilichoandikwa.

Hatua ya tatu: datamu ni mkuku

Waundaji wa majahazi wa pwani hii hawaanzi na ubao wa ubavuni. Huanza na mkuku, ule ubao mkuu wa chini kabisa. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yote hupimwa kutoka kwenye mkuku, na ukikaa upande, jahazi zima litakaa upande hata kama kila ubao umekatwa vizuri. Datamu ndiyo mkuku wa kipande cha chuma. Wahenga wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ndivyo vipimo vyote vya mchoro vinavyorejea kwenye datamu.

Kisanduku kikisema A, B, C kwa mpangilio huo, kinakuelekeza jinsi ya kukishika kipande wakati wa kukipima. Kitu kilicho hewani kina njia 6 za kusogea: tatu za kwenda na tatu za kuzunguka. Uso wa A unakilaza juu ya meza na kugusa angalau sehemu 3, na hapo njia 3 zimefungwa. B inakisukuma kwenye ukuta na kugusa sehemu 2. C inagusa sehemu 1 iliyobaki. Ukigeuza mpangilio, ukaanza na B, kipande kitakaa tofauti na vipimo vitatoka tofauti, kwa sababu hakuna pembe ya chuma iliyo digrii 90 kamili. Nimeona mabishano ya siku nzima kati ya karakana na mteja, kila mmoja ana namba zake na zote ni sahihi, kumbe mmoja alilaza kipande juu ya A na mwingine juu ya B.

Datamu haiwekwi kwa bahati. Mchoraji mzuri huchagua ule uso ambao kipande kitakalia kwenye mashine yake. Kwa hiyo ukiiona A, jiulize kipande hiki kinakaa wapi kikifungwa. Ile A-B ya shafti yangu ilikuwa na maana yake: A ni sehemu ya beringi ya kwanza, B ni ya pili, na kile kistari cha katikati kinasema zote mbili kwa pamoja ndizo kitovu kimoja. Shafti ilipaswa kupimwa ikizunguka juu ya beringi zake, kwa maana hivyo ndivyo itakavyozunguka baharini. Ningeikereza kati ya senta mbili, zile ncha zinazoishika shafti kwenye vitovu vyake, bila kuigeuza, A na B zingezaliwa kwenye kitovu kimoja.

Kwa kupima: laza A na B kwenye bloku mbili za V zilizo sawa kwa urefu, juu ya meza ya granaiti, zuia shafti isisogee kwa urefu kwa kuweka kipira cha beringi kwenye tundu la senta na kizuizi nyuma yake. Gusisha dayo kwenye ncha, zungusha polepole mzunguko mmoja, soma tofauti kati ya juu kabisa na chini kabisa. Kumbuka sindano inahesabu pande mbili. Usomaji wa 0.12 ulimaanisha kitovu kimehama kwa 0.06 tu. Na kisanduku cha kuyumba husomwa kwa kile sindano inachoonyesha, hugawi kwa mbili.

Hatua ya nne: usiamini kwamba ni duara

Hili nalikawilia kidogo kwa sababu limetutia hasara nyingi. Yeyote aliyewahi kupokea sarafu ya Uingereza ya peni 50 kutoka kwa mtalii anajua kwamba ina pande 7. Lakini iweke kwenye maikromita, uizungushe, na usomaji hautabadilika. Ina upana mmoja kila upande na si duara.

Vyuma navyo hufanya hivyo. Bushi nyembamba ya bronzi ukiibana kwenye chaki ya meno matatu, ukalikereza tundu lake likawa duara zuri, kisha ukaifungua, bushi inajirudi ilivyokuwa na tundu linabaki na vibonde vitatu. Ukilipima kwa kifaa cha ncha mbili kitakuambia ni sawa kila pembe. Shafti ikiingizwa, inabanwa sehemu tatu, mafuta hayapiti, na joto linaanza.

Kwa shafti, dawa ni bloku ya V ya digrii 60. Laza shafti humo, dayo juu katikati, zungusha. Umbo la pembe tatu zilizovimba litaisogeza sindano mara 3 ya kosa lenyewe, kwa hiyo ukiona 0.018, kosa la uduara ni 0.006. Bloku ya kawaida ya digrii 90 huonyesha mara 2. Hesabu hiyo ni ya vivimbe vitatu peke yake. Vikiwa vitano au saba, bloku ya digrii 60 haivionyeshi na huhitajika bloku ya pembe nyingine, na vikiwa viwili, yaani umbo la yai, maikromita ya kawaida inatosha kabisa. Basi tumia zote mbili, maikromita na bloku ya V, na ukiona yoyote kati ya hizo inasogea, lipo jambo.

Kwa tundu, tumia maikromita ya ndani ya miguu mitatu, uizungushe kidogo kidogo ukisoma kila mara. Miguu ikikaa kwenye vibonde vitatu na kisha kwenye vilima vitatu, namba itabadilika. Na ukitaka bushi isiharibike tangu mwanzo, kereza taya laini za chaki ziufuate mduara wa bushi, au ibane kwa uso badala ya kuibana kwa kiuno.

Hatua ya tano: mahali pa tundu, na herufi M

Tuchukue kifuniko cha pampu. Uso wake wa kukalia ni A. Tundu la katikati ni B, Ø50 H7 (yaani 50.000 hadi 50.025), lenye kisanduku cha usimamo Ø0.02 kwa A. Kuna matundu 4 ya bolti za M8 kwenye duara la kipenyo cha 80, kila moja Ø9 hadi Ø9.2, na kisanduku kinasema: mahali, Ø0.5, M ndani ya duara, A, B. Ile 80 iko ndani ya fremu yake ya mstatili. Maana yake ni kwamba 80 ni kipimo kamili kisicho na toleransi yake, na kosa lote liko kwenye kisanduku cha mahali.

Kwa nini duara, wakati zamani tuliandika 40 ± kitu fulani kwa kila upande? Kwa sababu bolti ni duara. Ukiruhusu ±0.1 kwa mlalo na ±0.1 kwa wima, umeruhusu mraba. Tundu linaloegemea kwenye kona ya mraba limehama 0.141 na linapita, lakini tundu lililohama 0.12 kwa mlalo peke yake linakataliwa ingawa liko karibu zaidi. Duara la Ø0.283 linalopita kwenye kona zote nne lina eneo kubwa kuliko mraba huo kwa asilimia 57, na halimpendelei yeyote. Wazo hili lilipewa nguvu na Stanley Parker, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha torpedo huko Alexandria, Uskoti, karibu na 1940, alipoona vipande vilivyokataliwa na wakaguzi vikiungana vizuri na wenzake.

Sasa kupima. Laza kifuniko kwa A juu ya meza au kwenye pleti ya pembe, tafuta kitovu cha B, hicho ndicho sifuri yako. Tundu moja linatakiwa liwe 40 mlalo na 0 wima. Umepata 40.18 na −0.22. Basi umekosea 0.18 na 0.22. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: unapata 0.284. Zidisha kwa 2, kwa sababu toleransi imeandikwa kama kipenyo na wewe una nusu-kipenyo. Jibu ni 0.57. Mafundi wengi husahau ile mara 2 na kupitisha kipande kibovu.

0.57 imezidi 0.5. Je, kitupwe? Ngoja uisome ile M. Inasema Ø0.5 inahesabiwa tundu likiwa kwenye hali yake ya chuma kingi kabisa, yaani likiwa dogo kabisa, Ø9.0. Tundu likiwa kubwa zaidi, bolti ina nafasi zaidi ya kupita hata kama kitovu kimehama, kwa hiyo unaongezewa. Pima tundu: 9.12. Nyongeza ni 0.12, toleransi yako sasa ni 0.62, na 0.57 inapita. Kwa shafti au pini ni kinyume: chuma kingi ni pini nene, na nyongeza huja pini ikiwa nyembamba. Bila M hakuna nyongeza, hata ungelia.

Usidhani nyongeza hii ni upendeleo au ujanja. Hesabu ilianzia kwenye bolti: tundu dogo kabisa 9, bolti 8, nafasi ni 1. Kwa kuwa upande wa pili bolti inaingia kwenye nyuzi zisizo na nafasi, ile 1 iligawanywa, nusu kwa matundu ya kifuniko na nusu kwa nyuzi za bodi. Ukiona P ndani ya duara kwenye nyuzi, inakutaka upime uelekeo wa bolti pale inapochomoza juu ya bodi, maana nyuzi zilizoinama kidogo ndani huipeleka bolti mbali ikifika kwenye kifuniko. Hapo funga kwenye nyuzi pini ndefu iliyonyooka, upime kwenye kimo cha kifuniko.

Hatua ya sita: geji

Ukiwa na vifuniko viwili, hesabu hiyo inatosha. Ukiwa na 200, tengeneza geji. M ikiwepo, geji ni rahisi: pini 4 zilizosimama juu ya bapa, kwenye duara la 80 kamili, kila pini Ø8.5. Namba hiyo ni tundu dogo kabisa kutoa toleransi, 9.0 − 0.5. Kifuniko kikikaa chini mpaka uso wa A uguse bapa, kimepita, nyongeza imejihesabu yenyewe. Katikati weka mhimili wa B. Hapa kuwa mwangalifu: kisanduku chetu hakina M baada ya B, kwa hiyo mhimili huo lazima ulijaze tundu bila kucheza, kwa mandreli inayotanuka. Pangekuwa na M baada ya B, ungetumia mhimili wa saizi moja na kifuniko kingeruhusiwa kucheza juu yake. Na geji hii haipimi saizi. Tundu la Ø9.6 litapita humo bila shida, ndiyo maana saizi hupimwa peke yake.

Geji ya saizi ya tundu la Ø50 H7 ni ile ya ncha mbili, tunayoiita go na nogo. H7 kwa 50 ni kutoka 50.000 hadi 50.025. Upande wa go ni 50.000 na lazima uingie. Upande wa nogo ni 50.025 na lazima ukatae. William Taylor wa Leicester, Uingereza, aliweka kanuni yake mwaka 1905, na hadi leo ndiyo msingi: upande wa go uwe na umbo zima na urefu wa kutosha, ili upime saizi na umbo kwa pamoja. Upande wa nogo upime sehemu moja moja. Ndiyo sababu go ni ndefu na nogo ni fupi. Go fupi itapita kwenye tundu lililopinda ambalo shafti ndefu haitapita. Na nogo ndefu ya duara itakataa kuingia kwenye tundu la umbo la yai kwa sababu ya ule upande mwembamba, na wewe utadhani liko sawa wakati upande wake mpana umeshazidi.

Go isisukumwe. Safisha tundu, toa makovu ya kingo, ishike wima, iache ishuke kwa uzito wake. Ukiigonga kwa nyundo ya mbao umeshajibu swali. Na geji yenyewe ina toleransi. Desturi ni kuipa mtengenezaji wa geji karibu sehemu ya kumi ya toleransi ya kazi, kwa H7 yetu ni maikroni 2.5 kwa ncha zote mbili (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Go huliwa kwa kutumika kila siku, kwa hiyo ndiyo ya kupimwa mara nyingi zaidi. Kwa sababu hiyohiyo ya sehemu ya kumi, venia, yaani kalipa, inayosoma 0.02 haina kazi kwenye H7. Ni kama kupima dhahabu kwa mizani ya viazi ya soko la Kongowea.

Hatua ya saba: joto na chumvi

Vipimo vyote vya michoro, isipokuwa imeandikwa vingine, ni vya kipande kikiwa na digrii 20 za selsiasi. Dunia ilikubaliana hivyo mwaka 1931, na likawa ndilo jambo la kwanza kabisa kupewa namba na ISO, yaani ISO 1, mwaka 1951. Mombasa mwezi wa Machi, kabla upepo wa kusi haujaanza kuvuma, karakana ya mabati ina 32 au zaidi. Msimu huo hatuna digrii 20 hata usiku.

Kwa chuma hili si msiba, mradi kipande na geji viwe na joto moja. Vyote viwili hutanuka kwa maikroni 11.5 hivi kwa kila mita kwa kila digrii, vinapanda pamoja. Hatari ni kupima kipande kikiwa bado moto kutoka kwenye mashine. Tundu la 50 lililo na digrii 45, geji ikiwa na 30, limetanuka karibu maikroni 9. Hiyo ni theluthi ya toleransi ya H7. Linakubali geji saa nne asubuhi na kukataa saa nane. Weka kipande na geji juu ya meza moja ya chuma, mbali na dirisha lenye jua, kwa saa moja au zaidi kwa kipande kinene, kisha ndio upime. Bronzi ni habari nyingine: hutanuka kwa karibu 18. Bushi ya bronzi ya 50 kwenye digrii 32, ikipimwa kwa geji ya chuma yenye joto hilohilo, itaonekana kubwa kwa maikroni 4 kuliko ingekuwa kwa 20. Alumini hufika 23. Fanya hesabu hiyo uiandike kando ya usomaji.

Mikono yetu hutoka jasho na upepo unaleta chumvi. Alama ya kidole kwenye slipu geji, vile vipande vya chuma vya saizi kamili vya kuhakikia vifaa, huwa kutu kesho yake. Shika kwa kitambaa safi, futa kwa spiriti baada ya kazi, paka mafuta mepesi, rudisha kwenye sanduku lake. Maikromita ihakikiwe kwa slipu geji kila asubuhi kwenye saizi iliyo karibu na ile utakayopima, wala usiridhike na sifuri tu. Na angalau seti moja ya karakana ipelekwe kuhakikiwa kwenye maabara ya mitrolojia (sayansi ya vipimo) ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, au maabara nyingine iliyoidhinishwa na KENAS, taasisi ya Kenya ya kuidhinisha maabara, ipewe cheti chenye namba, ili vingine vyote vilinganishwe nayo.

Hatua ya nane: kuandika na kuamua

Usiandike "sawa". Andika namba: kipande cha ngapi, kipimo kipi, umepata ngapi, kwa kifaa gani, kipande kilikaa juu ya datamu ipi, joto lilikuwa kiasi gani. Siku ile shafti iliporudi, karatasi yangu ilikuwa na alama za tiki tu, na sikuwa na cha kumwonyesha mwenyewe isipokuwa neno langu.

Usomaji ukiangukia ukingoni kabisa, kwa mfano 50.024 kwenye H7, pima tena mara tatu, ukiondoa na kurudisha kifaa kila mara, na umpe mwenzako naye apime bila kumwambia ulichopata. Mkitofautiana kwa maikroni 3, basi hamjui kama tundu limepita au halijapita, na hivyo ndivyo mnavyopaswa kuandika.

Kilichokataliwa kitengwe siku hiyohiyo, kifungwe kibandiko chekundu chenye sababu, kiwekwe mbali na vilivyopita. Tundu dogo hurudi kwenye mashine. Tundu kubwa halirudi, na hapo usijipe ruhusa mwenyewe ya kulipitisha. Mpigie injinia wa chombo au mwenye mchoro, umsomee namba, umwombe uamuzi kwa maandishi. Mara nyingi atauliza swali moja tu, "Fundi, limezidi kwa kiasi gani, na kutoka datamu ipi?" Ukiwa na karatasi yako utamjibu papo hapo.